Nyumba Nyamirambo: Kabla ya kuuliza riba, uliza hati

Anayetafuta nyumba ya kununua Nyamirambo hukutana na komisiyoneri kabla ya kukutana na benki. Komisiyoneri, ambaye Dar es Salaam au Mombasa angeitwa dalali, atamtembeza kutoka Biryogo hadi Rwezamenyo, ampandishe Mumena na kumshusha Kivugiza, amwoneshe nyumba tatu au nne kwa siku moja. Atataja bei, atataja idadi ya vyumba vya uani vinavyoweza kupangishwa, na atasema kwamba kuna mtu mwingine anakuja na fedha kesho asubuhi.

Mara nyingi hatataja mambo mawili yanayoamua kama nyumba hiyo inaweza kununuliwa kwa mkopo: hati ya ardhi inasomekaje, na mpango mkuu wa jiji unasemaje juu ya kiwanja hicho. Mnunuzi anayeanza na bei na riba, akayaacha hayo mawili hadi mwisho, anaweza kujikuta ametoa malipo ya awali kwa nyumba ambayo benki haitaigusa.

Mji unaokua, nyumba hazitoshi

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,745,555 katika Jiji la Kigali. Miaka kumi kabla ya hapo, utafiti wa soko la nyumba ulikadiria kuwa jiji lingehitaji nyumba mpya 344,068 kati ya 2012 na 2022. Utafiti huo ulionesha pia kwamba sehemu kubwa ya mahitaji ilikuwa ya watu wa kipato cha chini na cha kati. Lakini miradi iliyopata sifa zaidi ilijengwa kwa ajili ya wengine. Vision City ya Gacuriro, iliyojengwa na mfuko wa hifadhi ya jamii RSSB, ilikamilisha nyumba 504 za awamu ya kwanza, kisha ikalazimika kushusha bei kwa sababu wanunuzi hawakujitokeza kama ilivyotarajiwa.

Kwa hiyo watu wengi wa Kigali wamebaki na njia waliyoizoea: kununua kiwanja au nyumba ya zamani, kukarabati kidogo kidogo, kuongeza chumba uani, kukipangisha, na kutumia pango hilo kuongeza kingine. Nyamirambo imekua hivyo. Ni mtaa mkongwe, uliopokea wafanyabiashara Waislamu wa kutoka pwani tangu enzi za ukoloni, na msikiti wa Al-Fatah unaelezwa kuwa ulijengwa mwaka 1913. Hadi leo ni mtaa wa gereji, mafundi cherehani, vinyozi, migahawa na maduka yanayofungwa usiku sana. Fedha zipo, lakini zinaingia kila siku, taslimu, bila hati ya mshahara. Na hapo ndipo benki na Nyamirambo hushindwa kuelewana.

Tofauti ya riba ni kubwa kiasi gani

Riba ya kawaida ya mikopo katika benki za biashara nchini Rwanda imekuwa ikizunguka asilimia 16 kwa mwaka. Ili kupunguza mzigo huo, Benki ya Maendeleo ya Rwanda, BRD, ilianzisha mpango wa Gira Iwawe, maana yake "uwe na kwako". Mpango huo ulitokana na mradi wa fedha za nyumba ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka 2018. BRD haimpi mnunuzi fedha moja kwa moja. Huzipitisha kwenye benki na taasisi zinazoshiriki. Mkopo hutolewa kwa riba ya asilimia 11 na unaweza kulipwa hadi miaka 20. Unawalenga wanaonunua nyumba ya kwanza, na ulipoanza ulikuwa wa wenye kipato kisichozidi faranga 1,200,000 kwa mwezi. Kwa kuwa viwango vya kipato na bei ya nyumba hurekebishwa, mnunuzi aulize benki vinavyotumika siku anayoomba.

Tufanye hesabu. Tuseme nyumba inauzwa faranga milioni 25, mnunuzi ana milioni 5 mkononi, na anakopa milioni 20 kwa miaka 20.

Kwa riba ya asilimia 11, rejesho la mwezi ni takriban faranga 206,400. Kwa asilimia 16, ni takriban 278,250. Tofauti ni karibu 72,000 kila mwezi, na kwa miaka yote 20 inazidi milioni 17. Iwapo benki itataka rejesho lisizidi theluthi moja ya kipato, mkopaji wa kwanza atahitaji kuonesha kipato cha kama 620,000 kwa mwezi, na wa pili kama 835,000.

Anayeamua kulipa haraka, kwa riba ya asilimia 16 kwa miaka 10, atatoa kama 335,000 kwa mwezi. Ni mzigo mzito, lakini jumla atalipa kama milioni 40 badala ya karibu milioni 67 ambazo angelipa kwa miaka 20.

Ugumu uko kwenye neno "kuonesha". Fundi wa gereji anaweza kuwa anapata zaidi ya mwalimu, lakini mwalimu ana hati ya mshahara. Asiye na mshahara atahitaji miezi mingi ya fedha kupita kwenye akaunti au simu, leseni ya biashara, na kodi iliyolipwa. Pango la vyumba vya uani nalo halina uzito mbele ya ofisa wa mikopo kama hakuna mkataba wa maandishi na mpangaji. Hivyo, anayepanga kununua nyumba mwakani aanze leo kupeleka mauzo yake benki au kwenye Umurenge SACCO ya eneo lake. Akiba ya EjoHeza, iliyofunguliwa 2018 hata kwa wasio na ajira rasmi, nayo inasaidia kujenga kumbukumbu hiyo.

Hati inasema nini

Rwanda imepiga hatua ambayo majirani wengi bado wanaitamani. Kati ya 2009 na 2013 ardhi ya nchi nzima iliandikishwa, zaidi ya viwanja milioni 10, kila kimoja kikapewa namba yake ya pekee, UPI. Tangu 2023 hati hutolewa kwa njia ya kidijitali. Kwa namba hiyo mnunuzi anaweza kujua mmiliki ni nani, kiwanja kina ukubwa gani, na kama kimewekwa rehani.

Hata hivyo, kuna mitego mitatu inayowapata watu mara kwa mara.

Wa kwanza ni kipande kisicho na UPI yake. Mwenye kiwanja hukata sehemu ya ua na kuiuza kwa makubaliano ya maandishi na mashahidi wawili, huku hati ikibaki moja kwa jina lake. Benki haiwezi kuchukua rehani juu ya kipande hicho. Mwenye hati akifariki au akikopa kwa kiwanja kizima, mnunuzi ndiye atakayehangaika.

Wa pili ni matumizi ya ardhi. Mpango mkuu wa Kigali 2050, uliozinduliwa Septemba 2020, unaeleza kila eneo linaruhusu ujenzi gani. Nyamirambo imelala kwenye mabega ya Mlima Kigali, na baadhi ya miteremko yake ni mikali. Eneo lililotajwa kuwa hatarishi linaweza kuwa na nyumba nzuri yenye bei nafuu, lakini unafuu huo una sababu yake. Uliza kabla ya kulipa, na uliza pia kama vyumba vya uani vilijengwa kwa kibali.

Wa tatu ni wenza. Kiwanja cha mke na mume hakiuzwi wala kuwekwa rehani kwa saini ya mmoja. Lakini sheria inatambua ndoa iliyofungwa serikalini tu. Mwanamke aliyeolewa msikitini au kanisani bila kuandikishwa, ambaye amechangia nusu ya malipo, hana ulinzi wa sheria ya mali ya wanandoa. Njia ya kujilinda ni jina lake na sehemu yake kuandikwa kwenye hati siku ya kuhamisha umiliki.

Mkopo ukishindikana

Wengi huamini kwamba benki itakwenda mahakamani kwanza, na kesi itachukua miaka. Nchini Rwanda sivyo. Rehani huandikishwa kwa Msajili Mkuu katika RDB. Mkopaji akishindwa kulipa, Msajili Mkuu anaweza kuruhusu mali iuzwe bila kesi, na mnada hufanyika kwa njia ya mtandao. Anayeona mambo yanaharibika aende benki mapema kuomba ratiba ipangwe upya. Mnada ukishatangazwa, nafasi ya kuzungumza inakuwa ndogo.

Wasiotaka riba, na majirani

Katika mtaa wenye Waislamu wengi kama Nyamirambo, kuna wanunuzi wanaouacha mkopo wa benki kwa sababu ya imani. Mkopo wa Gira Iwawe, hata ukiwa nafuu, ni mkopo wa riba. Kwa majirani ipo mifano ya njia nyingine. Kenya ina Gulf African Bank tangu 2008, Tanzania ina Amana Bank tangu 2011, na Uganda ilitoa leseni kwa Salaam Bank mwaka 2023. Katika utaratibu wa ushirika unaopungua, benki na mteja hununua nyumba pamoja. Mteja hulipa pango kwa sehemu ya benki huku akiinunua polepole hadi nyumba iwe yake yote.

Je, Mtanzania au Mkenya anayefanya kazi Kigali anaweza kununua kama Mnyarwanda? Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, imeruhusu watu, bidhaa na mitaji kuvuka mipaka, lakini kifungu chake cha 15 kimeliacha suala la ardhi chini ya sheria za kila nchi. Raia wa jirani asidhani kwamba kitambulisho cha Jumuiya kinatosha; aulize ofisi ya ardhi masharti ya mgeni kwa kiwanja au ghorofa anayoitaka.

Maswali ya kwenda nayo

Kwa komisiyoneri: UPI ni ipi, na hati ina majina ya nani? Kwa ofisi ya ardhi: kuna rehani au zuio, na eneo limepangiwa nini? Kwa benki: riba ni ya kudumu au inabadilika, gharama za mthamini, bima na usajili ni kiasi gani, na kuna adhabu nikilipa mapema? Malipo makubwa yafanyike kwa benki, na uhamisho wa umiliki usainiwe mbele ya mthibitishaji wa ardhi.

Komisiyoneri akisema mteja mwingine anakuja kesho, mwache aje. Kukagua UPI hakuchukui siku nzima.