Alama Nyekundu Ukutani

Juzi nilikwenda Dandora, huko Nairobi, kumzuru mwenyeji wangu wa zamani. Nikapiga hodi. "Karibu, Ustadh," akaniitikia, lakini uso wake ulikuwa umemshuka. Kando ya mlango ukuta umepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu.

Wasomaji wangu wa Pwani wafahamu kwamba Dandora ilianza miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mtu alipewa kiwanja kidogo chenye choo na bafu, kisha ajijengee vyumba mwenyewe, na vingine apangishe. Hayo yalikuwa halali. Lakini msingi uliotiwa kwa nyumba ya chini, leo wabeba ghorofa. Bwana huyu amepandisha mbili, kibali hana.

"Kodi ndiyo pensheni yangu," alisema. Wakaguzi wakija yeye hutokea mlango wa nyuma, na wapangaji hujibu hawamjui mwenye nyumba. Akacheka. Mimi sikucheka.

Nilimkumbusha Huruma, si mbali na hapo. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jumba la wapangaji lilianguka wakafa watu wapatao 50. Nalo lilikuwa limekwisha kutiwa alama libomolewe, na watu wakaendelea kulipa kodi humo.

"Nyumba ni yako, bwana," nikamwambia, "lakini roho zilizo juu ni amana."

"Na nikiwatoa, waende wapi? Nami nile nini?"

Sikuwa na jawabu. Akanimiminia chai. Juu yetu mtoto alikuwa akirukaruka, na vumbi la saruji likatudondokea vikombeni.