Binti Anayemuuguza Mama Mwenye Saratani ya Matiti

Mama mzee anapougua saratani ya matiti, mzigo wa kumuuguza aghalabu humwangukia binti mmoja. Kabla ya kumsafirisha mgonjwa Mbeya, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, binti ahakikishe ana barua ya rufaa. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anastahili msamaha wa gharama za matibabu. Utambulisho huanzia kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa. Dawa za saratani za kudungwa mshipani hupunguza kinga ya mwili, hivyo homa ni dharura: mgonjwa afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo. Nauli na zamu za uuguzi zigawanywe kwa watoto wote, wa kiume wakiwamo, ili matibabu yasikatizwe.