Isiolo: Nani Mwenye Amri ya Maji na Malisho?

Mtu wa mwambao akilisikia jina la Isiolo hufikiria jangwa na ngamia. Mimi nilipofika huko, kilichonishangaza kwanza ni adhana. Mji huu uliopo kiasi cha kilomita 280 kaskazini ya Nairobi, penye miteremko ya mwisho ya Mlima Kenya, una misikiti yake na wazee wake wa kanzu na kofia. Wengi wa Waislamu hao ni Waborana. Wengine ni Wasomali, ambao baadhi ya babu zao walikuwa askari waliolowea hapo baada ya Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918. Wanaishi pamoja na Waturkana, Wasamburu na Wameru.

Kaunti ya Isiolo ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, yaani kama Unguja kumi na tano. Hata hivyo, hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu 268,002 tu. Sababu yake ni maji. Mto Ewaso Nyiro huteremka kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, hupita upande wa Merti, kisha hupotelea katika kinamasi cha Lorian bila ya kuiona bahari.

Serikali nayo imepita hapo kwa sura nyingi. Mwingereza aliufanya mji huu makao makuu ya wilaya za mpaka wa kaskazini. Mkuu wa wilaya wa kwanza Mwafrika, marehemu Daudi Dabasso Wabera, aliuawa Juni 1963 pamoja na Chifu Haji Galma Dida, wakati wa fitina ya kutaka kujitenga na Kenya. Leo wadi moja ya mjini inaitwa Wabera. Wadi zote ni kumi, maeneo bunge mawili, na tangu 2013 yupo gavana na bunge la kaunti, pamoja na machifu wa serikali kuu.

Lakini, ndugu msomaji, ng'ombe hasomi ramani ya wadi. Malisho ya Waborana yamegawanywa kwa dedha, na kila dedha ina wazee wake. Mvua ikinyesha, wazee huamuru mifugo iende mbali kwenye madimbwi, ili majani yaliyo karibu na visima na mto yabakie akiba ya kiangazi. Kisimani yupo aba herega, ambaye hupanga zamu za kunywesha. Mgeni mwenye mifugo hubisha hodi kwanza. Huo ndio utawala uliowavusha watu hawa miaka mingi ya ukame.

Hapa ndipo penye shida. Zamani ardhi hiyo ilishikwa kwa amana na baraza la wilaya, ambalo sasa halipo tena. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inawataka wenyeji waisajili kwa jina lao na wachague kamati ya watu saba hadi kumi na watano. Na kuiuza kunahitaji ridhaa ya theluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa. Isiposajiliwa, amana hukaa kwa serikali ya kaunti, na hata fidia yake huwekwa huko.

Na jambo hili linatugusa sisi pia. Mradi uliozinduliwa Lamu Machi 2012 unakusudia kuiunganisha bandari na Isiolo kwa barabara, reli na bomba la mafuta. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Sisi wa Pwani tunajua vyema maana ya kulima shamba la babu huku hati iko mkononi mwa mwingine.

Kwa maoni yangu, wazee wa dedha wasiachwe nje ya kamati hizo, kwani wao ndio wanaojua kila kisima na kila njia ya mifugo. Nao wazee wasidhani kwamba heshima yao pekee itatosha mbele ya bwana mpima ardhi. Mali bila daftari hupotea bila habari.