Dereva wa trela, panga usingizi kabla ya kutoka Port Reitz

IKIWA wewe ni dereva wa trela, au mumeo ndiye mwenye kazi hiyo, bila shaka umeona jinsi safari ya Malaba inavyopangwa pale Port Reitz. Karatasi za mzigo hukaguliwa, magurudumu yakagongwa kwa nyundo, dizeli ikapimwa. Mwili wa yule atakayeshika usukani hauulizwi lolote.

Na safari yenyewe si haba. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi, na hadi mpaka wa Malaba ni zaidi ya 900. Sheria ya Trafiki, kama ilivyorekebishwa mwaka wa 2012, hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Piga hesabu mwenyewe. Trela lenye mzigo, likingojea zamu kwenye mizani ya Mariakani, ni bahati likipata wastani wa kilomita 50 kwa saa. Saa 8 basi ni kilomita 400, na Nairobi bado hujaiona. Tajiri anayekuambia ufike Nairobi leo hii anakuambia uvunje sheria.

Kuna hesabu nyingine ambayo wengi huisahau. Uchovu hauanzi unapowasha injini. Huanza kuhesabiwa tangu ulipoamka. Tuseme umeamka saa kumi na moja alfajiri, ukashinda juani kwenye foleni ya makontena, kisha ukaondoka saa moja usiku. Tayari umekaa macho saa 14. Uchunguzi wa watafiti wa Australia uliochapishwa mwaka wa 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 huwa mzito wa mikono na akili kama aliye na pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Saa hiyo ya 17 itakukuta karibu na Voi, gizani.

Ukipakia jioni, basi, lala kwanza, uondoke alfajiri. Mtito Andei ni kama nusu ya njia ya kwenda Nairobi: kula hapo, kisha jinyooshe dakika 20, kwani mchana baada ya chakula mwili hulegea hata kama ulilala vyema. Usiku lala Emali. Siku ya pili pitia Southern Bypass, usiingie katikati ya jiji, na ulale Nakuru. Malaba iwe siku ya tatu. Beba sweta, maana Timboroa ni zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, na mtu wa pwani hutetemeka huko.

Miraa na muguka haviondoi uchovu, huuficha tu. Macho hubaki wazi huku akili ikisinzia kwa nukta chache, na nukta chache zinatosha. Ukirudi kutoka Malaba utakutana na mteremko wa Salgaa, ambako madereva wengine huondoa gia ili kuokoa mafuta. Breki zikishika moto, dereva aliyechoka hana la kufanya. Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, katika barabara hiyo hiyo, watu 36 wakafa.

Kuhusu maji, madereva wengi hujinyima ili wasisimame kila mara. Huo ni mwanzo wa vijiwe vya figo, na pia wa choo kigumu kinacholeta bawasiri. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa kunywa. Kila baada ya saa mbili shuka, zunguka trela ukikagua magurudumu. Damu iliyotuama miguuni itapanda, nayo isipopanda yaweza kuganda. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usiukande. Nenda hospitali.

Ukivuka kuingia Uganda utahitaji kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nayo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hivyo usingoje siku ya safari. Na zile saa unazongojea kontena? Hospitali ya Port Reitz iko hapo hapo. Mwachie turnboi gari, ukapimwe presha na sukari.