Malaria humlaza mtoto, babu akaenda shamba

Huko Geita, mtoto na babu yake wanaweza kuumwa na mbu wale wale usiku mmoja. Mtoto akalazwa na degedege, babu akaamkia shambani. Tusidhani ni ugumu wa uzee tu.

Mtoto mchanga hulindwa miezi michache na kingamwili alizopata kwa mama yake kabla ya kuzaliwa. Zikiisha, hujijengea zake, tena polepole, maana kimelea cha malaria hubadilisha sura: mwili ukishaizoea moja, kinakuja na nyingine. Ndiyo maana wengi wanaokufa kwa malaria Afrika ni watoto wa chini ya miaka 5. Mwaka 1961, nchini Gambia, watafiti waliwapa watoto wagonjwa kingamwili kutoka damu ya watu wazima, na vimelea vikapungua sana.

Hata hivyo kinga ya babu si kamili. Anaweza kuwa na vimelea bila homa, na mbu akavitoa kwake kumpelekea mjukuu. Mama mwenyeji naye, katika mimba ya kwanza, hukutana na vimelea vinavyojificha kwenye kondo la nyuma kwa sura ambayo mwili wake hauijui.

Tena kinga hupungua mtu akikaa mbali na malaria. Basi frateri mwenzetu aliyekulia kwenye baridi ya Makete, akipangiwa mwaka wa kichungaji Geita, asijilinganishe na wenyeji. Alale ndani ya chandarua, na homa ikimshika apimwe siku hiyo hiyo.