Jamaa ya Mnanasi katika Bustani ya Nyumbani

Hapana shaka kila mmoja wenu aujua mnanasi. Majani yake ni marefu na magumu, nayo yamejipanga kwa duara, na katikati hutoka tunda ambalo watoto hulingoja kwa hamu. Walakini ni wachache wanaofahamu ya kuwa mnanasi unao ndugu wengi mno, aina zaidi ya 3,500, na wengi wao hawapandwi kwa ajili ya tunda, bali kwa uzuri wa rangi zao. Jamaa hii yote huitwa bromelia, kwa kumbukumbu ya Olof Bromelius, tabibu na mwanachuoni wa mimea wa Uswidi, aliyefariki mwaka 1705.

Mwezi huu twataka kuzungumza habari za mimea hiyo, maana yafaa sana kupamba baraza na ua wa nyumba, na kuitunza si kazi ya gharama. Lakini wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi twaongeza, mwenyeji na atazame mzigo wa mgeni kabla ya kumkaribisha ndani.

Asili ya jamaa hii ni bara la Amerika, tangu kusini mwa Marekani mpaka Chile na Argentina, na visiwa vya Karibi. Mnanasi wenyewe ulilimwa na wenyeji wa huko zamani sana, kabla Columbus hajaliona tunda lake katika kisiwa cha Guadeloupe mwaka 1493. Katika aina zote hizo ni moja tu ambayo kwao ni Afrika, nayo huota miambani katika nchi ya Gine.

Tabia ya mimea hii ni ya ajabu. Mingi hukaa juu ya matawi ya miti mikubwa msituni, wala hainyonyi utomvu wa mti ule. Mizizi yake kazi yake kubwa ni kushika tu. Basi hunywa wapi? Majani yake yamekumbatiana kwa chini yakafanya kikombe, na mvua inyeshapo kikombe hujaa. Juu ya ngozi ya majani kuna magamba madogo sana, nayo ndiyo yanayofyonza maji na chakula kitokacho katika majani makavu yaliyoangukia humo. Hata vyura wengine wa Brazil huishi na kuzaa ndani ya vikombe hivyo.

Kwa rangi, mwenye bustani aweza kuchagua apendavyo. Iko Neoregelia carolinae ya Brazil, ambayo majani yake ya katikati hugeuka mekundu kabisa wakati wa kuchanua ukaribiapo. Iko Aechmea fasciata, nayo pia ya Brazil, yenye majani yaliyopakwa kama unga wa fedha na shada la rangi ya waridi lidumulo miezi kadhaa. Iko Vriesea splendens, ambayo shada lake limesimama kama upanga mwekundu. Na iko Tillandsia usneoides, isiyo na chungu wala udongo, bali huning'inia mitini kama ndevu za mzee.

Kuipanda ni hivi. Twaa chungu chenye tundu chini, ukijaze vipande vya mkaa, makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, na mchanga wa chembe kubwa, ili maji yapite upesi. Usiufukie mmea sana. Shingo yake ikizama katika udongo huoza. Uweke mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali la adhuhuri. Mwagilia kikombe cha majani, na udongo uache uwe na unyevu kidogo tu. Wala usitumie maji yaliyokaa katika chombo cha shaba, wala usinyunyizie mrututu, maana shaba huiua mimea hii.

Ukiona mmea umekomaa lakini hauchanui, mwaga maji ya kikombe, uufunike ndani ya mfuko pamoja na tofaa au ndizi iliyoiva kwa muda wa siku saba hadi kumi. Hewa itokayo katika tunda lile huuamsha, na baada ya majuma kadhaa shada hutokea.

Sasa na tuutazame mzigo wa mgeni. Sisi wenyewe tulikosa katika jambo hili. Tulikuwa na vyungu vitatu barazani, tukajivunia mbele ya kila aliyetuamkia. Siku moja mtoto wa jirani aliinama, akachungulia ndani ya kikombe cha majani, akatuuliza, "Mbona humu mna wadudu wanaocheza?" Tulitazama, tukaona viluwiluwi vya mbu, na kitanda cha watoto wetu kilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Tuliona haya sana.

Jambo hili si dogo. Katika kisiwa cha Trinidad, bromelia zilizojaa juu ya miti ya kivuli katika mashamba ya kakao zilikuwa makao ya mbu waletao malaria, hata katika miaka ya 1940 ilibidi miti ile inyunyiziwe maji ya mrututu ili kuiua mimea hiyo. Na tusidhani ni habari za mbali tu. Katika miaka ile ile ya 1940, waliochunguza homa ya manjano huko Bwamba, Uganda, walivikuta vijidudu vya ugonjwa huo ndani ya mbu wazaliwao katika maji yakaayo kati ya jani na shina la mgomba. Basi kila mmea ushikao maji hivyo wataka mlinzi. Yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa juma moja hivi. Kwa hiyo kila siku ya tatu inamisha chungu, mwaga maji yote, suuza kikombe, utie maji mapya. Asiyeweza kuishika kanuni hii afadhali asipande bromelia za kikombe. Na apande ile ya ndevu, isiyo na kikombe cha maji.

Mzigo wa pili ni tamaa ya kukusanya. Bwana Mulford Foster wa Orlando, Florida, pamoja na mkewe Racine, walisafiri Brazil miaka ya 1939 na 1940 kutafuta mimea hii, wakarudi na aina zisizojulikana na wataalamu. Mwaka 1950 wapenzi wa bromelia waliunda chama chao, na Bwana Foster akawa mwenyekiti wa kwanza. Watu wengi wakaipenda, na biashara ikakua. Lakini mwaka 1989 ilionekana huko Florida kwamba amekuja fukusi mgeni, aliyefika pamoja na bromelia zilizoletwa kutoka Mexico. Buu wake hutoboa moyo wa mmea, kama fukusi wa migomba tumjuaye sisi. Akatoka bustanini akaingia msituni, akaziua bromelia za kienyeji kwa wingi. Iliyoumia zaidi ni Tillandsia utriculata. Mmea huo hukua miaka mingi, huchanua mara moja, hutoa mbegu, ukafa. Na huko Florida hauachi machipukizi. Ukiliwa kabla ya kuchanua, ukoo wake umekatika.

Hapa ndipo tunapopata fundisho letu. Bromelia nyingi za bustani nazo huchanua mara moja, kisha mama hunyauka polepole. Walakini yeye huacha watoto kando yake, kama mgomba uachavyo. Msiung'oe mmea kwa sababu shada limekauka. Ngojeni mtoto afikie theluthi au nusu ya urefu wa mama, mkate kwa kisu kikali kilicho safi, mwacheni kivulini siku moja jeraha likauke, kisha mpandeni. Mama mmoja aweza kuwapa watoto wawili, watatu, hata zaidi.

Basi atakaye kuwa na bustani yenye rangi nyingi hana haja ya kuunyang'anya msitu, wala ya kununua mmea asioujua ulikotoka. Na aombe chipukizi kwa jirani, naye ampe jirani chipukizi la kwake. Hata hilo alichunguze chini ya majani na katika shina, na aliweke peke yake muda wa mwezi mmoja kabla ya kulichanganya na mengine. Walimu nao waweza kuweka mmea mmoja shuleni, wakawapa watoto zamu ya kumwaga maji kila siku ya tatu; ndipo watakapojifunza kwa mikono yao ya kuwa uzuri wa ua na afya ya nyumba hulindwa na mtu yule yule.