Chesi hulipa penye daftari: somo kwa vijiwe vya Dodoma

Mechi ya ubingwa wa dunia wa chesi iliyomalizika Singapore Desemba 12, 2024 ilikuwa na mfuko wa zawadi wa Dola milioni 2.5 za Marekani. Gukesh Dommaraju, kijana wa India aliyekuwa na miaka 18, alimvua taji Ding Liren wa China kwa pointi 7.5 dhidi ya 6.5 baada ya michezo 14.

Mgawo wa fedha ulikuwa wazi tangu mwanzo. Kila ushindi ulilipwa Dola 200,000, na kilichobaki wakagawana nusu kwa nusu. Gukesh alishinda michezo mitatu, Ding miwili, tisa ikaisha kwa sare. Bingwa mpya akaondoka na Dola milioni 1.35, ambazo ni zaidi ya Sh3 bilioni, na aliyeshindwa akapata Dola milioni 1.15. Mdhamini mkuu alikuwa Google.

Jijini Dodoma, jua linapopoa, mchezo wa namna hiyohiyo unachezwa bila mdhamini. Kwenye vijiwe vya Majengo, Chang'ombe na pembeni mwa soko la Sabasaba, watu wawili wanakalia benchi, katikati yao pana kipande cha mbao kilichochorwa miraba, na vizibo vya soda vinasukumwa: vya huyu vimelala kifudifudi, vya mwenzake vimetazama juu. Hiyo ni drafti. Nyuma yao wamesimama bodaboda wanaosubiri abiria, mafundi waliofunga kazi na wanafunzi wa chuo. Kila kizibo kikiliwa, kelele zinapanda. Anayepata fedha ya uhakika hapo ni muuza kahawa na kashata.

Akili ya kucheza ipo, na watazamaji wapo. Kinachokosekana ni maandishi, na ukifuatilia fedha za chesi duniani utaona kwamba zinaanzia hapo.

Mjadala ndio bidhaa

Mchezo wa 14 kule Singapore ulielekea kuwa sare. Katika hatua ya 55 Ding alisogeza ngome yake na kukaribisha kubadilishana, bila kuona kwamba baada ya ngome, maaskofu nao wangeondoka. Wangebaki wafalme na askari wadogo, na Gukesh alikuwa na askari mmoja zaidi. Hatua chache baadaye Ding akakubali kushindwa.

Mashabiki walilijadili kosa hilo zaidi kuliko ushindi wenyewe. Bingwa wa zamani Vladimir Kramnik alilalamika hadharani kwamba taji la dunia limeamuliwa kwa kosa la kitoto. Garry Kasparov, naye bingwa wa zamani, alikuwa na mtazamo mwingine: mechi za ubingwa hazijawahi kukosa makosa, na yeye mwenyewe aliyafanya. Mashabiki nao wakagawanyika. Wapo waliosema Ding alichoka, wapo waliosema kumchosha mpinzani kwa karibu wiki tatu ni sehemu ya ufundi.

Mabishano hayo yaliwezekana kwa sababu kila hatua iliandikwa. Mtu aliye Iringa au Oslo anaweza kuupanga upya mchezo huo kwenye ubao wake, akafika hatua ya 55 na kutoa hukumu yake. Watangazaji wanauza uchambuzi, walimu wanauza masomo, waandishi wanauza vitabu. Mtandao wa Chess.com, ambako watu hucheza na kufuatilia mashindano, umevuka akaunti milioni 200. Mwaka 2022 kampuni hiyo iliinunua Play Magnus Group, iliyojengwa juu ya jina la bingwa wa zamani wa dunia, Magnus Carlsen. Mwaka 2025 chesi iliingizwa kwenye Kombe la Dunia la michezo ya kielektroniki mjini Riyadh kwa zawadi za Dola milioni 1.5. Carlsen alishinda na kupata Dola 250,000. Wadhamini hufuata watazamaji, na watazamaji hubaki pale penye jambo la kubishania hata baada ya kete kukusanywa.

Chennai walianza nyumbani

Gukesh ni mtoto wa Chennai, mji wa Viswanathan Anand, bingwa wa dunia wa kwanza kutoka India. Baba yake, daktari wa upasuaji, aliacha kazi ili asafiri naye kwenye mashindano, na mama yake akabaki akiitegemeza familia kwa mshahara.

Kilichomfikisha kwenye taji si kujinyima kwa wazazi peke yake. Mwishoni mwa 2023 alikuwa katika hatari ya kukosa nafasi kwenye mchujo wa kumtafuta mpinzani wa bingwa. Desemba mwaka huo, Chennai iliandaa mashindano ya wachezaji wa kiwango cha juu kwa msaada wa serikali ya jimbo la Tamil Nadu. Gukesh alishinda, akakusanya pointi alizohitaji, akaingia kwenye mchujo wa Toronto na kuushinda Aprili 2024. Mashindano ya nyumbani yalimfungulia njia ya Singapore. Aliporudi na taji, serikali hiyo ilimzawadia rupia milioni 50.

Afrika ina mifano yake. Mwaka 2019 Abidjan ilipokea mzunguko wa Grand Chess Tour kwa mara ya kwanza barani, na Carlsen akashinda. Kampala, mwalimu Robert Katende alianza kuwafundisha watoto wa mtaa wa Katwe, wengi wakivutwa kwanza na kikombe cha uji. Mmoja wao, Phiona Mutesi, aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya chesi, na maisha yake yakaandikiwa kitabu mwaka 2012 na kutengenezewa filamu na Disney mwaka 2016. Hata hapo, kilichomtambulisha kwa ulimwengu ni maandishi.

Ngazi inayohitaji karatasi

Shirikisho la Kimataifa la Chesi (FIDE), ambalo Tanzania ni mwanachama, humpima mchezaji kwa alama. Ili aingie kwenye orodha, anatakiwa kucheza angalau michezo mitano na watu wenye alama tayari, katika mashindano yaliyosajiliwa na kusimamiwa na mwamuzi anayetambulika. Orodha inaanzia alama 1400. Anayetaka cheo cha juu kabisa, Grandmaster, lazima afike 2500 na aonyeshe kiwango hicho katika michezo isiyopungua 27 dhidi ya wapinzani wazito.

Kwa hiyo kijana wa Dodoma anaweza kuwafunga wote mtaani na bado asionekane popote. Bao nalo limeumizwa na hali hiyo. Lina mashimo 32 na kete 64, hesabu zake ni nzito, na mabingwa wake wa Zanzibar wamewavutia watafiti wa vyuo vya Ulaya. Lakini michezo yao mingi mikubwa imeondoka na waliokuwa barazani siku hiyo.

Wakulima wa zabibu wa Dodoma wanaijua hasara hii: mvunaji asiye na kiwanda cha kusindika huuza kwa bei ya atakayetokea. Kipaji kisichoandikwa hakina hata wa kukipangia bei.

Hesabu ya kuanzia

Mashindano madogo ya chesi hayahitaji mabilioni. Chukua mfano wa wachezaji 40 kwa mtindo wa Uswisi, ambao hauna kutolewa: kila raundi wenye pointi sawa hupambanishwa. Zinatakiwa mbao 20, saa 20, ukumbi, mwamuzi na karatasi za kuandikia hatua. Kila mmoja akilipa kiingilio cha Sh10,000, zinapatikana Sh400,000. Hazitoshi kwa kila kitu, lakini zinamwonyesha mdhamini kwamba wachezaji wenyewe wameweka fedha mezani.

Dodoma ina nafuu zake, na moja haikuwepo miaka kumi iliyopita. Treni ya SGR, iliyozinduliwa rasmi Agosti 2024, inamleta mchezaji kutoka Dar es Salaam kwa takriban saa nne, kwa nauli ya daraja la kawaida iliyopangwa awali kuwa Sh31,000. Chuo Kikuu cha Dodoma kina maelfu ya vijana na kumbi. Hoteli zinazojaa wakati wa vikao vya Bunge hupata vyumba vitupu Bunge likiahirishwa, na hapo ndipo mwenye hoteli anaweza kushawishika kutoa ukumbi kwa bei nafuu ili auze malazi na chakula.

Faida itasambaa. Seremala atapata oda ya mbao, mwalimu atapata wanafunzi, mama lishe atapata wateja wa siku mbili mfululizo, na kijana mwenye simu na sauti nzuri atatangaza mchezo kwa Kiswahili. Utangazaji wa aina hiyo bado una nafasi kubwa, kwa kuwa uchambuzi mwingi wa mashindano makubwa hutolewa kwa Kiingereza.

Jiji, chuo na wenye hoteli wanaweza kukubaliana juu ya kalenda ya mashindano manne kwa mwaka, tarehe zisizobadilika, chini ya chama cha chesi cha taifa. Vijiwe navyo visisubiri kibali cha mtu. Daftari la kurasa 100 linatosha kuandika nani alicheza na nani, lini, na nani alishinda. Baada ya mwaka mmoja kijiwe kitakuwa na orodha ya mabingwa wake, na mdhamini akija kuuliza anadhamini nini, atapewa jibu lenye tarehe na majina.